Nifanye mazoezi gani Kampala kabla ya kwenda kujaribu hoki ya barafu Nairobi?

Swali: "Shikamoo, kocha. Mimi ni kijana wa miaka 19, naishi Bweyogerere. Kwa mwaka mzima nimekuwa nikiteleza kwa viatu vya magurudumu ya mstari mmoja kwenye uwanja wa zege wa mpira wa kikapu ulio karibu na nyumbani. Mwezi wa Desemba nitakuwa Nairobi kwa shangazi yangu, na nimepania kujaribu hoki ya barafu katika uwanja wa Panari. Mbio ninazo, lakini kusimama ghafla siwezi. Huwa nazunguka tu mpaka mwendo uishe. Tena nimeona magurudumu yangu yanalika upande wa ndani tu, na upande wa nje bado ni kama mpya. Je, ujuzi wa magurudumu utanifaa barafuni? Katika miezi hii mitatu nifanye nini? Na viatu vya barafu, ninunue hapa Kampala au nikodi huko?"

Marahaba, mwanangu. Nimeyasoma maswali yako yote, lakini kilichonieleza zaidi jinsi unavyoteleza ni ile sentensi ya magurudumu, ambayo huenda uliiandika kwa kupita tu. Ningeomba kila kijana anayejifunza mchezo huu ayakague magurudumu yake namna hiyo, kwa sababu yanaweka kumbukumbu ya kila jambo ambalo miguu imefanya na kila jambo ambalo imekwepa.

Magurudumu ya kila mtu hulika zaidi upande wa ndani, kwa kuwa msukumo mwingi hutolewa kwa upande wa ndani wa mguu. Hilo si kosa. Lakini upande wa nje ukibaki mpya baada ya mwaka mzima, kuna mambo mawili ninayoyaona. La kwanza ni kwamba vifundo vya miguu yako vinalalia ndani hata wakati husukumi, labda kwa sababu kiatu ni kikubwa au kamba zimelegea pale kwenye kifundo. La pili, ambalo ndilo kubwa zaidi, ni kwamba hujawahi kuuegemeza mwili wako upande wa nje wa mguu na kuuamini. Kwenye zege mtu anaweza kuishi hivyo kwa miaka bila kuona hasara. Kwenye barafu, mchezaji wa hoki asiye na upande wa nje hawezi kukata kona bila kupoteza mwendo, na hata akijifunza kusimama, atasimama kwa mguu mmoja tu. Kwa hiyo ndiyo, ujuzi wako utakufaa sana, ila miezi hii mitatu usiitumie kuongeza mbio ulizo nazo. Itumie kuutafuta upande wa nje.

Ili uelewe kwa nini nasisitiza hivyo, lazima nikueleze kiatu chenyewe. Chini ya kiatu cha hoki ya barafu kuna chuma kimoja chembamba, unene wake kama milimita tatu. Ukikigeuza kiatu juu chini na kukitazama kwa mbele, utaona kwamba sehemu inayogusa barafu si bapa: imechimbwa mfuo mdogo katikati, kutoka mbele hadi nyuma, na pande zote mbili za mfuo huo zimebaki na makali. Kuna makali ya ndani, yanayotazama mguu wa pili, na makali ya nje. Kiatu kikiwa wima kabisa, umesimama juu ya makali yote mawili na unakwenda mbele tu. Ukikilaza kidogo upande mmoja, unabaki juu ya makali ya upande huo, na chuma kinaanza kuchora mkunjo kuelekea kule ulikolalia. Kusukuma, kukata kona, kusimama na kurudi nyuma, yote ni suala la kuchagua makali yapi, ya mguu upi, na kwa uzito kiasi gani.

Chuma hicho pia hakikunyooka. Kina mbinuko kutoka kisigino hadi vidole, ambao kwa kawaida ni sehemu ya duara lenye nusu kipenyo cha mita tatu hivi, kwa hiyo ni sentimita chache tu za katikati zinazogusa barafu kwa wakati mmoja. Magurudumu yako manne, kinyume chake, yanakushikilia kwa urefu wote wa kiatu. Ukiegemea nyuma kidogo yanakusamehe. Barafu haitakusamehe. Uzito ukirudi kisiginoni, mbinuko utakupeleka nyuma na utaanguka kwa makalio kabla hujajua kilichotokea. Hili ndilo huwapata wengi wanaotoka kwenye magurudumu katika dakika kumi za kwanza, na linawavunja moyo kwa sababu walijiona wameshajua. Ufaidike kwa kulijua mapema: barafuni uzito hukaa katikati ya wayo, ukielemea kidogo mbele, karibu na pale dole gumba linapoanzia.

Sasa msukumo. Chuma huteleza kwa urahisi kabisa kikifuata urefu wake, lakini kikiwa kimelazwa hukataa kwenda ubavuni, kwa kuwa makali yanauma barafu. Kwa sababu hiyo, anayejaribu kusukuma nyuma moja kwa moja kama mkimbiaji hapati kitu cha kusukumia. Mguu unateleza tu. Nguvu hupatikana pembeni. Mguu unaosukuma hugeuza vidole nje, huuma barafu kwa makali ya ndani, kisha hunyooshwa kwenda pembeni na nyuma, kama nyuzi 45 kutoka mwelekeo wa safari yako, mpaka nyonga, goti na kifundo vyote vimenyooka. Sehemu ya mbele ya chuma ndiyo ya mwisho kuachana na barafu, na hapo hutoa msukumo mdogo wa kumalizia ambao wengi wa magurudumu hawana, kwa kuwa wamezoea kumalizia kwa kisigino. Baada ya hapo mguu ule hurudi chini ya mwili, ukipita karibu na barafu bila kurushwa juu nyuma, na visigino vinakaribia kugusana kabla mguu wa pili haujaanza kazi yake.

Hapo kwenye kurudi ndipo ninapoona upungufu wa vijana wengi wenye mbio. Wanasukuma vizuri, lakini mguu haurudi chini ya mwili. Unatua mbali, miguu imepanuka, na kwa kuwa msukumo unaofuata unaanzia nje, unakuwa mfupi. Wao huongeza hatua badala ya kuongeza urefu wa hatua, wakachoka haraka. Jioni moja uwanjani kwako, teleza polepole na kila mguu unaporudi, gonganisha visigino kidogo, kiasi cha kusikia mlio. Usipousikia mlio, hujarudi chini ya mwili. Zoezi hili ni dogo na linachosha akili kuliko mwili, lakini sijui jingine linalorekebisha hatua upesi namna hiyo.

Haya yote hayawezekani kwa magoti yaliyonyooka. Mguu ulionyooka tayari hauna cha kunyoosha, kwa hiyo hauna cha kusukuma. Mkao wa mchezaji wa hoki ni wa mtu aliyeanza kukaa kwenye kigoda kisha akaghairi kabla hajakigusa: miguu upana wa mabega, magoti yamekunjwa, nyonga chini, kifua kimeinuka kiasi kwamba aliye mbele yake anaweza kusoma maandishi ya fulana, na macho yanatazama mbali. Kipimo ni rahisi. Inamisha macho tu, bila kuinamisha kichwa, ulitazame goti lako. Likiwa limeficha ncha ya kiatu, umekunja vya kutosha, na ukiona vidole vyote vya kiatu, bado umesimama. Kamba za viatu zifunge kwa nguvu kwenye wayo na kwenye kifundo, lakini pale juu kabisa acha nafasi kidogo, kwa maana kiatu kilichobanwa juu humzuia mtu kukunja goti hata akitaka.

Mkao huu una gharama, na gharama yake ni mapaja kuwaka moto. Mchezaji wa hoki hukaa uwanjani kwa zamu fupi, kwa kawaida sekunde 40 hadi 60, kisha hutoka na mwenzake akaingia. Basi jizoeze kwa kipimo hicho hicho: egemeza mgongo ukutani, kaa pasipo kiti, mapaja yalale sambamba na sakafu, uhesabu sekunde 45, upumzike dakika moja na nusu, urudie mara nne au tano. Siku nyingine ruka kutoka mguu wa kushoto hadi wa kulia kwa ubavu, utue kwa mguu mmoja goti likiwa limekunjwa, utulie kabisa kabla ya kuruka tena. Kule kutulia ndiko mazoezi. Kuruka tu bila kutulia hakukufundishi kitu cha barafu. Na asubuhi unapopiga mswaki, simama pekupeku kwa mguu mmoja na goti limekunjwa, ubadilishe katikati. Vifundo vinavyolalia ndani huimarika kwa mambo madogo ya kila siku kama haya.

Nije kwenye upande wa nje, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu una bahati ambayo huenda hujaiona. Uwanja wako wa kikapu umechorwa duara la katikati lenye nusu kipenyo cha mita 1.80, na tao la pointi tatu ambalo kwa vipimo vya kimataifa liko mita 6.75 kutoka kwenye kikapu. Duara za kuanzishia mchezo katika uwanja wa hoki ya barafu zina nusu kipenyo cha mita 4.5, na ndizo makocha hutumia kufundishia kona. Kwa hiyo chini ya miguu yako tayari una mkunjo ulio mpana kuliko huo na mwingine ulio mkali zaidi.

Anza na tao la pointi tatu. Pata mwendo wa wastani, si wa kasi, ulifuate tao ukienda kinyume cha mshale wa saa, yaani unapinda kushoto. Miguu yote miwili iwe chini, mguu wa kushoto ukitangulia nusu kiatu. Hamishia uzito wako kwenye mguu wa kushoto kidogo kidogo, ukihisi unaukanyaga ule upande wa kidole cha mwisho, kisha inua mguu wa kulia sentimita mbili tu kutoka chini. Hapo uko juu ya upande wa nje wa mguu wa kushoto, peke yake. Mara ya kwanza utaurudisha mguu wa kulia chini papo hapo, kwa sababu mwili utaona kama unaanguka ndani ya duara. Si kweli kwamba unaanguka. Mwendo na mkunjo vinakushikilia, mradi goti limekunjwa na bega la kushoto halijaangukia ndani. Mabega yabaki karibu sawa na ardhi, nyonga ndiyo inayoingia ndani ya duara. Macho yatazame mbele kwenye tao, pale utakapofika, wala si kwenye viatu. Kaa hapo kwa kuhesabu hadi tatu. Ukiweza kuhesabu hadi tano pande zote mbili bila kutetereka, nenda kwenye duara dogo la katikati, kwa mwendo wa taratibu zaidi.

Karibu kila mtu ana upande mmoja mzuri na mwingine mbovu. Anza kila siku na ule mbovu, ukiwa bado una nguvu, na uurudie tena mwishoni. Mpinzani akigundua kwamba hupindi kulia, atakusukumia kulia mchezo mzima.

Ukishauamini upande wa nje, kupishanisha miguu kwenye kona kutakuja karibu peke yake. Katika kona ya kushoto mguu wa kulia husukuma kwa upande wa ndani, kisha huvuka mbele ya mguu wa kushoto na kutua. Wengi wanadhani kazi imeishia hapo, wakaunyanyua mguu wa kushoto kama mtu anayepanda ngazi. Kumbe mguu wa kushoto, ukiwa chini ya mwili, unapaswa kusukuma kwa upande wake wa nje, kuelekea nje ya duara, ukinyooka nyuma ya mguu wa kulia. Huo ndio msukumo wa pili, na ndio unaomfanya mchezaji atoke kwenye kona akiwa na kasi kubwa kuliko aliyoingia nayo. Mwenye makali ya ndani peke yake ana msukumo mmoja pale ambapo mwenzake ana miwili.

Kabla ya kila zoezi fagia uwanja, tafadhali. Kokoto moja ya changarawe ikiingia mbele ya gurudumu inatosha kumtupa mtu chini, na mvua ikinyesha ile mistari ya rangi huwa na utelezi kuliko zege lenyewe, kwa hiyo subiri ikauke kabisa. Na kwa kuwa uko Bweyogerere, pembezoni mwa barabara ya Jinja, akitokea rafiki wa kukushawishi ushike nyuma ya lori au boda boda ili upate kasi, mkatalie bila kumwonea haya. Anayevutwa hasukumi, kwa hiyo hajifunzi chochote, na mtu mmoja akifunga breki ghafla hakuna ujuzi wa kukuokoa.

Umeuliza kuhusu kusimama ghafla. Kule kusimama kwa ubavu unakokuona kwenye video, ambako mchezaji anageuza viatu vyote viwili na barafu inaruka kama unga mweupe, usikujaribu juu ya zege kwa viatu vyako. Magurudumu hushika ardhi yakigeuzwa ubavu, na mwili unaendelea na safari bila viatu. Barafuni inawezekana kwa sababu chuma kikiwa karibu wima hukwangua juu juu, na ni pale tu unapozidi kukilaza na kukikandamiza ndipo kinapouma na kukusimamisha. Tofauti hii ndiyo kubwa kuliko zote kati ya viatu hivi viwili, na huwezi kuijaribu Kampala. Lakini unaweza kuuandaa mwili. Vaa raba zako za kawaida, kimbia polepole hatua chache, ruka kidogo sana, na ukiwa hewani geuza nyonga na miguu robo duara huku kifua kikibaki kinatazama kule ulikokuwa unaenda. Tua miguu yote miwili kwa pamoja, upana wa mabega, magoti yakizama. Rudia ukigeukia kushoto, kisha kulia. Ule wepesi mdogo wa kuruka kabla ya kugeuka, na ule uzito wa kuzama baada ya kugeuka, ndivyo vitakavyokusimamisha barafuni.

Ukifika huko, jifunze kwa mpangilio huu. Shika ukuta wa uwanja kwa mkono mmoja, simama, sukuma kiatu kimoja pembeni kwa upande wa ndani huku umekilaza kidogo tu, mpaka uone unga wa barafu umejikusanya pembeni ya chuma. Usipoona unga, umekilaza mno na kinauma, kisimamishe kidogo. Hiki ndicho kitu ambacho mguu wako haujawahi kukihisi, na inafaa ukitumie dakika nyingi bila kuona aibu. Halafu pata mwendo mdogo, panua miguu, elekezanisha vidole, na ukwangue kwa miguu yote miwili mpaka usimame; kisha kwa mguu mmoja peke yake. Mwisho kabisa geuza viatu vyote viwili. Tuseme umegeukia kushoto: mguu wa kulia uko mbele kwa mwelekeo wa safari na unakwangua kwa makali ya ndani, nao wa kushoto uko nyuma na unakwangua kwa makali ya nje. Wanaoanza huweka uzito wote kwenye ule wa mbele, na ule wa nyuma huburutwa tu. Unaona tumerudi kwa lile gurudumu jipya upande wa nje? Ukiwa umeyazoea makali ya nje kwenye tao la pointi tatu, mguu wa nyuma utafanya kazi yake, na utasimama katika nusu ya nafasi wanayohitaji wenzako.

Kurudi nyuma sitakueleza kwa kirefu, kwa kuwa msingi wake ni huo huo. Kaa chini, uzito uwe mbele ya wayo, geuza vidole ndani, sukuma kisigino nje huku ukichora nusu duara kwa makali ya ndani, kisha rudisha mguu chini ya mwili na uupe nafasi wa pili. Kichwa na mabega havitikisiki. Anayeyumbisha makalio huku na huku anajidanganya kwamba anasukuma. Hili unaweza kulifanyia mazoezi yote Kampala.

Kuhusu kuanza mbio kutoka kwenye kusimama: visigino karibu, vidole nje, hatua tatu hadi tano za kwanza ziwe fupi na za haraka juu ya sehemu ya mbele ya makali ya ndani, bila kuteleza, kisha ndipo hatua ndefu zianze.

Kuanguka utaanguka. Unapojiona unakwenda, kunja magoti zaidi ili uanguke kutoka chini, ulalie upande wa paja na nyonga, na mikono usiitangulize ikiwa imenyooka, kwa kuwa kiwiko na kifundo cha mkono ndivyo huvunjika. Ukishakuwa chini, kunja vidole vya mikono uwe na ngumi, kwa sababu watu wanapita karibu yako wakiwa na vyuma vya kukata. Kuinuka, piga magoti, simamisha kiatu kimoja, weka mikono yote miwili juu ya goti hilo, usukume. Helmeti, kinga za magoti na viwiko, na glavu nene ni lazima tangu siku ya kwanza. Ukija kuingia kwenye mchezo wenyewe, vaa na kinga ya shingo isiyokatika. Mwezi wa Oktoba 2023 mchezaji Mmarekani Adam Johnson alifariki baada ya kukatwa shingoni na chuma cha kiatu mchezoni, mjini Sheffield, Uingereza, na Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu limeifanya kinga hiyo kuwa lazima katika mashindano yake. Usikubali mtu akuambie ni ya watoto.

Uwanja wa Panari, uliofunguliwa mwaka 2005, ni mdogo kuliko uwanja kamili wa hoki ambao urefu wake ni mita 60. Hilo lina maana kwako: hutapata nafasi ndefu ya kuonyesha mbio zako, kona zitakujia upesi, na atakayestarehe pale ni mwenye kujua kupinda. Ndipo wanapofanyia mazoezi Ice Lions wa Kenya, vijana wa nchi ya ikweta kama sisi, ambao mwaka 2018 walialikwa Kanada na kucheza pamoja na nyota wa hoki wa huko, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na mwaka 2024 nchi yao ikapokewa kama mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa. Piga simu kabla ya kusafiri uhakikishe uwanja uko wazi siku unazozitaka, na uulize ni saa zipi timu inafanya mazoezi. Nenda ukawatazame kwanza. Keti pembeni, mchague mmoja tu, na kwa dakika tano mtazame magoti yake na mguu unaorudi, wala si mahali ilipo paki, kile kisahani cha mpira mgumu kinachopigwa badala ya mpira.

Saa ya kwanza barafuni usishike gongo la kuchezea. Anayeanza hulifanya mkongojo, akaliegemea, na mkao wote ukaharibika. Tembea, teleza kwa miguu yote miwili, teleza kwa mmoja, kwangua kando ya ukuta, fuata duara. Gongo lije siku ya pili: mkono wa juu peke yake unapokimbia bila paki, mikono yote miwili unapoipokea. Paki ina uzito wa gramu 156 hadi 170 na haidundi kama mpira. Hata hivyo, ukiwa hapa nyumbani, mpira wa tenisi kwenye sakafu laini utaifundisha mikono yako kufanya kazi huku macho yakitazama mbele, na hilo linatosha kwa sasa.

Viatu, kodi. Unapokodi, uliza kama wana vya hoki, ambavyo chuma chake ni laini na mviringo mbele. Viatu vya kucheza dansi barafuni vina meno mbele ya chuma. Vikiwa ndivyo vilivyopo, vaa, lakini usimalizie msukumo kwa vidole, maana meno yatauma barafu na kukuangusha kifudifudi. Saizi huwa ndogo kuliko ya raba zako kwa namba moja au moja na nusu: vidole viguse mbele kidogo ukisimama wima, na viachane na mbele ukikunja magoti, huku kisigino kikikaa bila kuinuka. Kabla hujavaa, kigeuze kiatu na upitishe ukucha wako kwa wepesi kuvuka makali, upande mmoja na wa pili. Yote mawili yakikwangua ukucha kidogo, yako hai, na upande mmoja ukipita bure, omba kiatu kingine. Kisha laza sarafu ya shilingi 500 juu ya chuma, ikivuka makali yote mawili, na uitazame kwa mbele. Ikikaa sawa, kiatu kimenolewa vizuri. Ikiinama upande mmoja, makali hayo mawili hayalingani, na utapinda upande mmoja tu hata ukijitahidi vipi.

Kama utavikuta viatu vya barafu kwenye mitumba pale soko la Owino, na wakati mwingine vitu vya ajabu hupatikana pale, usivinunue kabla hujawahi kukanyaga barafu hata mara moja, kwa sababu hutajua unachokihukumu. Na kama umekwisha kuvinunua, usivipeleke kwa mafundi wetu wa kunoa visu na mapanga wanaozungusha jiwe kwa baiskeli. Ni mafundi wazuri kwa kazi yao, lakini jiwe lao litaufuta ule mfuo wa katikati, na chuma kitabaki bapa kisicho na makali upande wowote. Mfuo huchimbwa kwa mashine yake maalumu, ambayo jiwe lake hukatwa kwa mviringo. Nusu kipenyo cha milimita 13 hivi ndicho cha kawaida, na kwa anayejifunza kusimama, mfuo wenye kina kidogo, yaani wa nusu kipenyo cha milimita 16 hadi 19, humwachia nafasi ya kukwangua bila kuumwa na barafu kila anapogeuka. Waulize wa Nairobi wavinoe huko, na uwatajie kipimo hicho. Wakishavinoa, usivikanyagie zege hata hatua moja bila kuvivika vyuma vifuniko vyake.